Mhadhara wa Saa Saba Mchana: Lugha ya Bustani kutoka Jeevanjee hadi Kitisuru

Utangulizi

Katika bustani nyingi za mimea duniani kuna desturi ya kuwaandalia watu wa kawaida mihadhara mifupi wakati wa mapumziko ya mchana. Mtaalamu husimama chini ya mti au kando ya tuta la maua, akazungumza kwa nusu saa hivi, akajibu maswali, kisha wasikilizaji wakarejea kazini. Mhadhara wa namna hii hauna kiingilio cha elimu. Karani, dereva, mama wa nyumbani na mtunza bustani wote wana haki sawa ya kusimama pale na kuuliza.

Makala hii inanuia kuichunguza desturi hiyo kwa jicho la mwanafunzi wa Kiswahili, kwa kuzingatia jiji la Nairobi na hasa mtaa wa Kitisuru na viunga vyake vya magharibi. Swali letu kuu ni hili: mtu anapofundishwa kuitunza mimea hadharani, anafundishwa kwa lugha gani, na lugha hiyo inamfikia nani? Hoja tunayoitetea ni kwamba Nairobi tayari ina nusu mbili za mhadhara wa bustani, ila nusu hizo hazijakutanishwa. Upande mmoja kuna mimea na wataalamu wake, wanaozungumza kwa kiasi kikubwa Kiingereza na Kilatini. Upande wa pili kuna hadhira ya mchana iliyozoea kusikiliza na kujibu kwa Kiswahili. Kazi ya kuziunganisha nusu hizo ni kazi ya lugha, na kwa hivyo inatuhusu sisi.

Bustani mbili, lugha mbili

Bustani ya miti ya Nairobi, inayofahamika na wakazi wengi kwa jina la Arboretum, ilianzishwa mwaka 1907. Lengo la awali halikuwa burudani. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingestawi katika nyanda za juu ili itoe mbao na kuni, hasa kuni za kuendeshea garimoshi. Leo bustani hiyo ina ukubwa wa hekta 30 hivi na zaidi ya aina 350 za miti, ya kienyeji na ya kigeni. Mwaka 1993 kiliundwa chama cha marafiki wa bustani hiyo, nacho kikawa kikiandaa matembezi ya kuwafundisha watu kuitambua miti.

Si mbali na hapo, katika mlima wa Makumbusho, kuna hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya utafiti. Hazina hiyo ilianzia Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Katika uwanja huo huo wa Makumbusho ndipo yalipozoeleka kuanzia matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, ambayo Bi. Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971. Kwa hakika, jiji hili halijawahi kukosa watu wenye maarifa ya viumbe na moyo wa kuwagawia wengine maarifa hayo.

Sasa tuelekee katikati ya jiji. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa umma mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Kwa miongo mingi bustani hiyo imekuwa na sifa moja ambayo Arboretum haina: watu huenda pale mchana ili kusikiliza. Wahubiri wamesimama humo ifikapo saa saba, wengine wakiwa na mkalimani wa papo kwa papo kando yao. Tangu miaka ya 1990 wapo pia wananchi wanaokutana humo kujadili siasa na gharama ya maisha chini ya jina la Bunge la Mwananchi. Kiswahili ndiyo lugha inayoyabeba mengi ya mazungumzo hayo, kwa kuwa ndiyo lugha inayoweza kumsimamisha mpita njia bila kumuuliza kwao ni wapi.

Inafaa kukumbuka kwamba bustani hizi zimeokolewa na maneno. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Mwaka 1991 Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza upinzani dhidi ya mpango wa kuigeuza bustani ya babu yake kuwa maegesho ya magari. Mipango yote miwili ilishindwa kwa sababu watu walizungumza hadharani, wakasikika. Bustani isiyozungumzwa na umma ni rahisi kuuzwa.

Hadhira ya Kitisuru

Kitisuru iko kaskazini-magharibi mwa jiji, katika miinuko inayopakana na Kabete. Udongo wake ni mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji vizuri. Ni tofauti kabisa na udongo mweusi wa mfinyanzi wa mashariki mwa Nairobi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Eneo zima la Kabete lilijulikana kwa mashamba ya kahawa kabla ya majumba kuenea. Leo Kitisuru ni mtaa wa nyumba zenye nyua pana, na palipo na uwanja mpana pana pia mtu wa kuutunza.

Mtu huyo ndiye hadhira tunayoizungumzia. Aghalabu ametoka mbali: Magharibi, Nyanza, Ukambani au Kati. Mwajiri wake huenda akawa Mkenya wa kabila jingine au mgeni anayefanya kazi katika ofisi za kimataifa za Gigiri. Wanapoelewana, wanaelewana kwa Kiswahili. Jirani yake, muuzaji wa miche aliyepanga vifuko vyake kando ya barabara, huuza kwa Kiswahili. Hivyo basi, maarifa ya bustani ya Kitisuru hupita katika lugha yetu kila siku, hata kama vitabu vya bustani vilivyomo ndani ya majumba hayo vimeandikwa kwa Kiingereza.

Hata jina lake la kazi linastahili kuchunguzwa. Katika mazungumzo ya Nairobi mtu huyu huitwa "mtu wa shamba", ingawa anachokitunza si shamba bali bustani. Shamba huleta wazo la jembe na jasho. Bustani huleta wazo la ustadi na uzuri. Mfanyakazi anapewa jina la kile cha kwanza na kudaiwa matokeo ya hiki cha pili. Fasihi yetu iliwahi kulitazama suala hili kwa heshima kubwa zaidi. Katika Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa mwaka 1968, Shaaban Robert alimwonyesha mhusika anayeiacha kazi ya ukarani mjini na kuchagua ukulima kwa hiari yake, akapata ndani yake utu na furaha. Mtunza bustani wa Kitisuru hakuichagua kazi yake kwa falsafa kama Utubora, lakini anastahili kuzungumziwa kwa heshima ile ile. Mhadhara unaomwita "mtunza bustani" umeshaanza kumfundisha jambo kabla ya kutaja mmea wowote.

Mambo manne ya kuzingatiwa na msemaji

Tuchukulie kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ameombwa kumsaidia mtaalamu wa mimea kuandaa mhadhara wa saa saba. Yapo mambo manne ya lugha ambayo yanaweza kuufaulisha au kuuharibu.

La kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Wengi wetu tumefunzwa upatanisho kama jambo la mtihani. Katika bustani ni jambo la matokeo. Tulitazame neno "ua". Ua lenye wingi wa maua ni kile kichanuacho. Ua wenye wingi wa nyua ni uzio, au eneo lililozungushiwa uzio. Juu ya hayo kuna kitenzi "ua", chenye maana ya kutoa uhai. Mwajiri akisema "kata ua hilo", anataka ua la waridi likatwe. Akisema "kata ua huo", anataka uzio upunguzwe. Tofauti yote imebebwa na kiashiria. Katika Kiswahili cha mtaani, ambapo viashiria huchanganywa, amri "kata ua hii" haimwambii mfanyakazi lolote la hakika, anabaki kubahatisha. Si ajabu kwamba watu wa Nairobi wamelikwepa neno hilo na kushika "fensi", au kuutaja uzio kwa jina la mmea wake: kayaba. Msemaji mzuri hatawakejeli kwa hilo. Atatumia kayaba, kisha aeleze ua na nyua, na wasikilizaji wataondoka na maneno mawili badala ya moja.

La pili ni majina ya mimea. Mti mmoja unaweza kuwa na majina matatu au manne mahali pamoja. Mti ambao Wakikuyu huuita mukinduri, unaoonekana kote katika viunga vya Nairobi, una jina la kisayansi la Croton megalocarpus. Muhugu, mti mgumu wa misitu ya Karura na Ngong ambao wachonga vinyago wameutumia sana, huitwa na wanasayansi Brachylaena huillensis. Jina la kisayansi lina faida yake: ni moja kwa dunia nzima, na utaratibu wake umesimama tangu kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1753. Lakini halimsaidii mtu anayetaka kumwuliza jirani yake mbegu. Kwa hivyo utaratibu unaopendekezwa hapa ni huu: msemaji aanze na jina ambalo wasikilizaji wanalo, hata likiwa la lugha ya mama, afuatishe jina la Kiswahili kama lipo, amalizie na la kisayansi kwa anayetaka kusoma zaidi. Kuanza na Kilatini ni kumwambia msikilizaji kwamba mti aliokua chini yake hakuwahi kuujua.

Palipo na pengo, ngeli zetu zinatosha kuliziba. Kiswahili huweka miti katika ngeli ya M-MI na matunda yake katika LI-YA au I-ZI: mwembe na embe, mchungwa na chungwa, mnazi na nazi. Kwa njia hiyo hiyo jakaranda, neno lililotoka katika lugha za wenyeji wa Amerika ya Kusini na kupitia Kireno, linaweza kuwa mjakaranda bila taabu. Anayeona haya kwa sababu ya ukopaji huu akumbuke kwamba "bustani" yenyewe asili yake ni Kiajemi, na "waridi" ni Kiarabu. Maneno hayo hayakuingia kwa amri ya kamati. Yaliingia kwa sababu watu walikuwa na bustani, wakawa na haja ya kuizungumzia.

La tatu ni majira. Vitabu vyetu hufundisha masika, vuli, kaskazi, kusi na kipupwe, maneno yaliyozaliwa pwani, mahali ambapo upepo wa baharini ndio uliopanga mwaka. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na pepo hizo haziendeshi jahazi lolote huku. Hata hivyo mvua za Machi hadi Mei zinalingana na masika, na zile za Oktoba hadi Desemba zinalingana na vuli. Baridi ya Juni hadi Agosti, ile inayowafanya watu wa Kitisuru kuvaa sweta mchana kutwa, inaingia vizuri katika neno kipupwe. Msemaji akisema tu "panda wakati wa vuli", baadhi ya wasikilizaji watafikiri amesema mambo ya Mombasa. Akisema "panda mvua za Oktoba zikishaingia, yaani vuli", amelivusha neno kutoka pwani hadi mlimani, nalo litaota.

La nne ni zito kuliko yote, nalo ni neno "dawa". Kinachonywewa na mgonjwa ni dawa. Kinachonyunyiziwa wadudu wa waridi pia ni dawa. Katika akili ya msikilizaji, dawa ni kitu cha kuponya, na kikizidi kidogo huenda kikaponya haraka zaidi. Kumbe kilicho ndani ya chupa ile ni sumu. Mtunza bustani anayepiga "dawa" bila glavu, akaelekea chakulani saa saba bila kunawa, hakukosa akili. Amedanganywa na neno. Hapa Kiswahili hakina upungufu wowote, kwani neno "sumu" tunalo, ni fupi na halina utata. Msemaji anapaswa kulitumia bila kulitafuna: "Hii ni sumu ya wadudu." Aidha, aeleze ukanda wa rangi ulio kwenye lebo. Nyekundu ni hatari kuu kabisa, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Kijani nacho hakimaanishi kinywaji. Iwapo mwanafunzi wa Kiswahili hatafanya jambo jingine lolote katika bustani ya mimea ila kuliweka neno "sumu" mahali pake, atakuwa amelipa karo yake.

Mfano wa mhadhara

Ili mjadala usibaki hewani, tumetunga hapa mfano mfupi wa mhadhara kama unavyoweza kutolewa kwa watunza bustani na wapita njia. Mada ni kupanda mche wa mti mwanzoni mwa vuli.

"Mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo.) Nina mche mkononi. Nauliza: mti huanza kufa lini? Mzee, wewe umesemaje? Ukikosa maji? Vyema. Lakini nawaambia miti mingi huanza kufa siku ile ile inayopandwa. Hufa kwa mikono yetu.

"Tuchimbe shimo. Upana wake mkono mmoja, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole, na nusu yake tena. Kina vivyo hivyo. Udongo wa juu, huu mweusi kidogo, uweke kulia. Udongo wa chini, huu mwekundu, uweke kushoto. Wa juu uko wapi? (Kulia.) Wa chini? (Kushoto.) Usiusahau, maana wa juu ndio wenye chakula. Uchanganye na samadi iliyooza. Nimesema samadi gani? (Iliyooza.) Mbichi huunguza mizizi.

"Sasa kifuko. Mama, ungemlaza mtoto akiwa amefungwa ndani ya mfuko? Basi na mche usiuzike na kifuko chake. Kichane taratibu, udongo usimwagike. Uuweke mche wima, shingo yake ilingane na uso wa ardhi. Rudisha kwanza udongo wa kulia. Kanyaga kwa kisigino, usipige kwa jembe. Mwagilia.

"La mwisho ni matandazo. Twaa nyasi kavu au majani, utandaze kuuzunguka mche, unene wa vidole vinne. Yasiguse shina. Nimesema yasiguse nini? (Shina.) Yakigusa, shina litaoza na mchwa watapata daraja. Matandazo huzuia jua lisinyonye maji, na katika miteremko yetu hii huzuia mvua isiuchukue udongo mwekundu ikaupeleka mtoni Gitathuru.

"Mliokuja sasa hivi, karibuni. Mwenzenu hapa atawaambia: udongo wa juu unarudi wa kwanza, kifuko kinachanwa, matandazo hayagusi shina. Maswali?"

Uchambuzi wa mfano

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatakosa kuona kwamba mfano huu haukujengwa kama insha. Umejengwa kama utendaji wa fanani mbele ya hadhira hai. Kuna mwito na mwitikio, mbinu inayotumiwa na msimulizi wa ngano na pia na mhubiri wa Jeevanjee. Kazi yake si kuchangamsha tu. Anayejibu "iliyooza" kwa sauti yake mwenyewe hatasahau upesi kama yule aliyesikia tu.

Pili, kuna urudiaji. Katika maandishi, kurudia ni kuchosha. Katika mhadhara wa saa saba ni lazima, kwa sababu hadhira huja na kuondoka. Aliyefika dakika ya ishirini ana haki ya kuondoka na kitu. Ndiyo maana muhtasari umewekwa mdomoni mwa msikilizaji mwenzake, wala si mwa msemaji.

Tatu, vipimo vimetolewa kwa mwili: mkono, vidole vinne, kisigino. Mtu aliyesimama bustanini hana rula, lakini ana vidole. Vidole vinne ni sentimita saba hivi, kiasi kinachofaa kwa matandazo, na kipimo hicho mtu huenda nacho nyumbani.

Nne, lugha ni ya kawaida ila istilahi hazikuachwa. Samadi, matandazo, mche na shina zimo, na kila moja imefafanuliwa na tendo linalofuata. Istilahi inayotajwa huku kitu kikionekana mkononi haihitaji kamusi. Hapa bustani inalishinda darasa.

Hatimaye, kuna anwani. "Mzee" na "Mama" si mapambo. Zinamtambua msikilizaji kuwa mtu mwenye umri na ujuzi, anayeulizwa kabla ya kuambiwa. Mtunza bustani wa miaka hamsini hawezi kufundishwa na kijana wa chuo anayemwita kana kwamba ni mtoto wa shule.

Pingamizi na majibu

Huenda ikadaiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za mimea. Dai hili linajibiwa na mnazi. Tunda lake likiwa changa mno ni kidaka, likikua ni kitale, kisha dafu, kisha koroma, hatimaye nazi; likikaushwa nyama yake ni mbata. Ganda la nje ni kumbi, la ndani ni kifuu, na majani yake hutupa makuti. Si kila lugha inaweza kulifuatilia tunda moja kwa makini namna hii. Usahihi huo ndio uliomwezesha Abdilatif Abdalla, katika Sauti ya Dhiki (1973), kuufanya mnazi kuwa kiini cha shairi la ndugu wawili wanaovutana, naye msomaji akaelewa mara moja uzito wa kinachogombewa. Kwa hivyo Kiswahili kina uwezo. Kilichokosekana ni kuishi na mjakaranda kwa muda na mazungumzo kama tulivyoishi na mnazi. Istilahi haitangulii matumizi, huyafuata.

Wengine watasema kwamba wakazi wa Nairobi wanaelewa Kiingereza. Wengi wanakielewa, naam. Lakini kuelewa si kuuliza. Mtu anaweza kufuata maelezo ya Kiingereza huku akiogopa kuinua mkono kwa kuhofia kuchekwa. Mhadhara usio na maswali ni tangazo. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Anayewahutubia wananchi kwa Kiswahili katika bustani ya umma hatoi hisani, anatimiza sheria.

Lipo na pingamizi la tatu, kwamba mambo haya ni madogo mno. Jibu liko Kabete na Karura. Wangari Maathai alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, wanawake wa vijijini walijifunza kuotesha na kutunza miche, wengi wao bila cheti chochote cha misitu. Hadi alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imehesabiwa kwa mamilioni. Msitu wa Karura, ulio jirani na Kitisuru na wenye zaidi ya hekta 1,000, ungali umesimama kwa sababu alipopigwa na wenzake huko Januari 1999, umma uliokuwa umekwisha kuelezwa thamani ya msitu ulikataa kunyamaza. Maelezo madogo yaliyotolewa kwa lugha inayoeleweka yanaweza kukua yakawa msitu.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba mhadhara wa bustani ni utanzu wa mazungumzo wenye kanuni zake, na kwamba kanuni hizo tunazo tayari katika fasihi simulizi na katika desturi ya Jeevanjee. Kinachobaki ni hatua ya vitendo. Wanafunzi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Nairobi husomea Kabete, karibu na Kitisuru. Wanafunzi wa Kiswahili wako bewa kuu, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Arboretum. Wale wana maarifa ya udongo, hawa wana maarifa ya ulimi. Chama cha wanafunzi kama chetu kinaweza kuomba nusu saa ya mchana, mara moja kwa mwezi, mwanafunzi mmoja wa huku na mmoja wa kule wakasimama chini ya mukinduri mmoja.

Wahenga walisema kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Tumeipanda elimu ya juu ya Kiswahili hadi shahada za uzamili na uzamifu. Sasa imetupasa tushuke nayo hadi bustanini, saa saba mchana, palipo na watu wanaosubiri kuuliza.

Maswali ya mjadala

1. Tunga amri tatu anazoweza kupewa mtunza bustani, ambazo maana yake itabadilika kabisa kiashiria kikibadilishwa.

2. Chagua mti mmoja wa kigeni unaoota katika eneo la chuo chako. Uundie majina ya sehemu zake na hatua za ukuaji wake kwa kufuata mfano wa mnazi, ueleze kwa nini umechagua ngeli hizo.

3. Linganisha mbinu za mhubiri wa mchana na za mtambaji wa ngano. Ni zipi zinazoweza kuhamishiwa katika mhadhara wa bustani, na ni zipi zisizofaa? Toa sababu.

4. "Neno dawa limewadhuru watu wengi kuliko wadudu." Jadili kauli hii kwa kurejelea taaluma ya semantiki.